Rangi mbili si karanga, jamani!

KAMA kuna dawa ambayo hapa kwetu Rusimbi haihitaji kutambulishwa kwa mtu, basi ni "rangi mbili". Tumbo likikoroga, rangi mbili. Mtu akijikata na kisu akipaa migebuka, rangi mbili. Mtoto akikohoa siku mbili, rangi mbili. Kijana akirudi kutoka safari zake za mwaloni na ule mwendo wa kutanua miguu ambao wenyewe mnaujua, naye huyoo anapita uchochoroni kuulizia rangi mbili. Hata kuku akisinzia bandani, kuna mtu atapasua kapsuli na kuimwaga kwenye maji yake ya kunywa.

Nimesimama mara nyingi mbele ya kaunta za maduka ya dawa, kuanzia hapa mtaani hadi Mwanga sokoni, na mazungumzo ni yale yale. "Dokta, nisaidie rangi mbili za mia tano." "Za nini, mama?" "Za tumbo." Dokta, ambaye pengine wala hajawahi kudai kuwa ni daktari, anakata kapsuli chache kwa mkasi, anazitia kwenye kibahasha, biashara imekwisha. Hakuna aliyeuliza ni tumbo la nani, limeanza lini, wala linauma vipi.

Sasa leo, msomaji wangu, nataka tuizungumze dawa hii kwa kituo. Sina nia ya kuisema vibaya. Hii ni dawa ya heshima, imeokoa watu wengi duniani, na sisi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika tunaihitaji kuliko wengi. Ndiyo maana inaniuma kuiona ikitafunwa kama karanga za kukaanga.

Rangi mbili ni nani hasa?

Tuanze na jina, maana hapo ndipo kasheshe linapoanzia. Rangi mbili si jina la dawa. Ni jina la koti. Kapsuli nyingi zina koti la rangi mbili: tetrasaiklini, amoksilini, ampisilini, kloramfeniko, zote zinaweza kukujia hivyo. Ipo hata indosidi, ambayo ni ya maumivu ya viungo tu na haihusiani kabisa na vijidudu. Kwa hiyo ukienda dukani ukasema "nipe rangi mbili", ni sawa na kwenda stendi ukasema "nipakie kwenye basi la rangi ya bluu". Utapakiwa kweli, lakini usije ukalalamika ukishushwa Kasulu wakati ulikuwa unakwenda Uvinza.

Kwa wazee wengi wa hapa, rangi mbili ya asili ni tetrasaiklini. Hiyo ndiyo nitakayoizungumzia, pamoja na ndugu yake mdogo doksisaiklini, ambaye siku hizi ndiye anayeandikwa zaidi hospitalini kwa sababu anakaa mwilini muda mrefu. Tetrasaiklini humezwa mara nne kwa siku. Doksisaiklini mara moja au mbili tu.

Ukoo huu ulitoka kwenye udongo, ndugu yangu. Mwaka 1945 mzee mmoja wa Marekani aitwaye Benjamin Duggar, mtaalamu wa mimea aliyekwisha kustaafu ualimu wa chuo kikuu na kupita umri wa miaka 70, alikuwa akichunguza udongo uliokusanywa sehemu mbalimbali. Katika udongo wa jimbo la Missouri akakuta kijidudu chenye rangi ya dhahabu ambacho kinatoa kitu kinachowazuia wenzake wasizaliane. Dawa iliyotokana nacho ikaingia sokoni mwaka 1948. Baadaye Mmarekani mwingine, Lloyd Conover, akaifanyia ufundi na kupata tetrasaiklini yenyewe, akapewa hati ya ugunduzi mwaka 1955. Doksisaiklini ikafuata mwaka 1967.

Lakini Waafrika tulitangulia kuionja bila kujua! Mwaka 1980 watafiti walitangaza kwamba wameikuta tetrasaiklini ndani ya mifupa ya watu wa Nubia, Sudan, waliozikwa zaidi ya miaka 1,400 iliyopita. Mifupa ile ilikuwa ikimulikwa kwa taa maalumu inang'aa. Wataalamu wanaona kwamba iliingia kupitia pombe ya nafaka, ambayo nafaka zake zilikuwa zimeota wale wale vijidudu wa udongo. Msije mkanielewa vibaya na kukimbilia kilabuni. Nawaambia habari hiyo kwa sababu inaonyesha jambo moja la maana: dawa hii inapenda sana mifupa. Tutarudi hapo.

Wavu, si ndoana

Zipo antibayotiki ambazo ni kama ndoana. Unatega aina moja ya samaki, unampata huyo huyo. Tetrasaiklini na doksisaiklini ni kama wavu wa dagaa: ukiushusha, unazoa wadogo kwa wakubwa. Ndiyo maana inatibu magonjwa mengi yasiyofanana. Kipindupindu kimo. Klamidia, ule ugonjwa wa zinaa unaojificha kimya kimya kwa akina mama, umo. Homa ya papasi, ile inayoletwa na kupe wa kwenye nyumba za udongo, inayokuja ikaondoka ikarudi, imo. Tauni imo. Ugonjwa wa brusela unaopatikana kwenye maziwa mabichi nao umo, ila huko haiendi peke yake. Na ile dawa ya tyubu wanayopakwa watoto wachanga machoni mara wanapozaliwa, ambayo pia hutumika kwa ugonjwa wa trakoma, nayo ni tetrasaiklini.

Wavu una ubaya wake. Ndani ya utumbo wako wamo vijidudu wema wanaokusaidia kazi, nao wananaswa humo humo. Ndiyo sababu mtu anameza rangi mbili kwa ajili ya kikohozi halafu tumbo linaanza kuharisha, na akina mama wengine wanapata muwasho wa fangasi sehemu za siri. Hapo mtu anarudi dukani kununua nini? Rangi mbili nyingine!

Na kuna samaki ambao wavu huu hauwagusi kabisa. Mafua, surua, homa ya ini na virusi vya UKIMWI ni virusi, na dawa hii kwao ni maji ya kunawia. Wale vijana wanaomeza mbili kabla ya kwenda "kustarehe" na mbili baada ya kurudi, wakiamini wamevaa kinga, wanajidanganya. Hata kisonono chenyewe kilikwisha kuizoea tetrasaiklini siku nyingi, ndiyo maana hospitali wanakitibu kwa dawa nyingine.

Inavyofanya kazi

Mfikirie kijidudu kama mama lishe. Ili aishi na azae lazima apike, na ili apike lazima awe na jiko. Tetrasaiklini inaingia ndani ya kijidudu na kukaa juu ya jiko lake, sufuria isipate pa kutengwa. Kijidudu hakipiki, hakikui, hakizai. Lakini angalia vizuri: mara nyingi hakijafa. Kimezuiwa tu. Anayekuja kummaliza ni askari wa mwili wako mwenyewe. Ndiyo maana mtu anayeacha dawa siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka anawaachia wale walionusurika nafasi ya kuwasha moto upya.

Sasa vijidudu nao si mabwege. Wapo wanaojifunza mbinu. Mbinu moja kubwa ni ile ile ya wavuvi wetu chombo kinapovuja: dawa ikiingia, wao wanaichota na kuimwaga nje, inaingia, wanaimwaga, mpaka jiko linabaki wazi. Kibaya zaidi, kijidudu kimoja kikiijua mbinu hiyo kinaweza kumpa na jirani yake, hata kama si wa kabila moja. Kila unapomeza dawa isiyo na kazi, unaua wale wapole na kuwaachia uwanja wale wajanja. Wataalamu wanauita usugu wa dawa.

Mtasema ni nadharia za wasomi. Haya, nisikilizeni, maana jambo hili lilitokea hapa hapa Tanzania.

Miezi mitano tu

Mwishoni mwa mwaka 1977 nchi yetu iliingiliwa na kipindupindu kikali. Wakati ule tetrasaiklini ilikuwa ndiyo bunduki yetu kubwa, na vijidudu vya mwanzo vilikuwa vikiguswa nayo vinalala chali. Basi dawa ikatumika kwa wingi sana. Walipewa wagonjwa, ambao walistahili. Wakapewa na wazima ili wasije wakaugua.

Profesa Fred Mhalu na wenzake wa Muhimbili waliendelea kuvipima vijidudu mwezi baada ya mwezi. Walichokikuta kilichapishwa mwaka 1979 katika jarida la udaktari la Uingereza liitwalo The Lancet, na mpaka leo dunia nzima inakitaja. Baada ya miezi mitano ya matumizi hayo, katika kila sampuli 100 za vijidudu vya kipindupindu, 76 vilikuwa havisikii tena tetrasaiklini. Miezi mitano, jamani! Mahindi uliyopanda yanakuwa ndiyo kwanza yamevunwa.

Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linakataza kugawa antibayotiki kwa umma mzima eti kukinga kipindupindu. Somo hilo sehemu yake kubwa limeandikwa kwa jasho la Watanzania.

Kagunga, 2015

Sasa tuje kwetu. Mwezi Aprili 2015 mambo yalipochafuka Burundi, ndugu zetu walivuka mpaka kwa makumi ya maelfu na kujazana Kagunga, kijiji chetu cha mwisho ziwani kabla ya Burundi. Anayekijua Kagunga cha wakati ule anajua: mbele maji, nyuma mlima, barabara hakuna. Watu walilala ufukweni, wakanywa maji ya ziwa lile lile walilokuwa wakilitumia kwa kila haja. Mzee wetu MV Liemba, meli iliyozinduliwa hapa Kigoma mwaka 1915, ikawa inakwenda na kurudi kuwasomba, mamia kwa mamia. Walishushwa Kigoma, wakapokelewa katika Uwanja wa Lake Tanganyika ambao sisi tumezoea kwenda kuangalia mpira, halafu wakapelekwa kambi ya Nyarugusu huko Kasulu.

Kipindupindu hakikuchelewa. Kufikia tarehe 22 Mei, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilihesabu wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31, na wenyeji wetu walikuwamo.

Hesabu hiyo inatisha, lakini itazame tena. Kipindupindu kikali kisipotibiwa kinaweza kuua hata nusu ya wanaokipata, na wengine ndani ya saa chache tu. Hapa ni vifo 31 katika wagonjwa 3,000, kama mmoja katika kila 100. Nini kilichowaokoa wengine? Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Cha kwanza hakikuwa kapsuli. Kilikuwa maji: maji ya chumvichumvi ya kunywa kwa anayeweza kunywa, na ya dripu kwa aliyelegea. Mgonjwa wa kipindupindu anakufa kwa kukaukiwa. Anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Ukimpa doksisaiklini bila maji, unamzika na dawa yake tumboni.

Doksisaiklini inakuja baadaye kama msaidizi mzuri. Mgonjwa aliyezidiwa anapewa dozi moja tu, kwa mtu mzima miligramu 300, basi. Inapunguza kuharisha na kufupisha siku za kulala wodini. Na wale wazima? Walipewa chanjo ya kunywa, maji yenye klorini na vyoo. Hiyo ndiyo tofauti ya kujifunza.

Na tusidhani yamekwisha. Ng'ambo ya ziwa ipo Uvira, ipo Kalemie, miji ambayo kipindupindu kinarudi kila mara, na boti zetu zinakwenda na kurudi. Siku kitakapopiga hodi tena Kibirizi au Katonga, tutaihitaji doksisaiklini inayofanya kazi. Kila kapsuli unayomeza leo kwa ajili ya mafua inaikwangua nguvu ile tutakayoihitaji siku hiyo.

Masharti ya mganga

Haya, tumalizie na yale ya nyumbani. Kata uyabandike ukutani ukitaka.

Moja: ijue kwa jina. Ukiandikiwa dawa, soma kilichoandikwa kwenye pakiti au mwombe muuzaji akusomee. Usikubali kibahasha kitupu chenye vidonge visivyo na jina.

Mbili: si ya kila mtu. Nilisema dawa hii inapenda mifupa. Inapenda na meno. Mtoto wa chini ya miaka minane akiitumia mara kwa mara, meno yake yanaweza kuota na madoa ya njano au kahawia yasiyotoka kwa mswaki wala mkaa. Mama mjamzito naye asijinunulie, maana anamnywesha na aliye tumboni. Kuna wakati daktari anaweza kuona inafaa hata kwao, kama kwa dozi ile moja ya doksisaiklini ya kipindupindu. Huo ni uamuzi wake, si wa shangazi.

Tatu: usiichanganye na maziwa. Kwa sababu ile ile ya kupenda madini, tetrasaiklini ikikutana tumboni na maziwa, vidonge vya kuongeza damu au dawa za kiungulia, inashikana nazo na kupita hivyo hivyo bila kuingia mwilini. Doksisaiklini haisumbuliwi sana na maziwa, lakini vidonge vya damu na dawa za kiungulia inavichukia vile vile. Achanisha saa kadhaa.

Nne: meza na maji glasi nzima, ukiwa umekaa au umesimama, na usilale hapo hapo. Doksisaiklini ikigandia kooni inachoma kidonda. Wale mnaomeza kwa mate mkiwa kitandani, mmesikia?

Tano: jihadhari na jua. Kuna watu ambao dawa hii inaifanya ngozi yao iungue kwa jua haraka. Mama zetu wanaoshinda wakianika dagaa Katonga na Kibirizi, wakati wa dozi jifunikeni vizuri.

Sita: usiipasue ukaimwaga kwenye kidonda. Najua wavuvi mtaguna, maana ndiyo huduma ya kwanza chomboni. Unga ule unaganda juu kama ukoko, usaha unabaki chini ukiendelea na shughuli zake. Kidonda kinataka maji safi na sabuni, kitambaa safi, na kama ni kirefu kinataka zahanati.

Saba: usitunze mabaki. Tetrasaiklini iliyopitwa na wakati si kwamba imelala tu. Iliyoharibika iliwahi kuwadhuru watu figo, na madaktari walikwisha kuliandika hilo tangu miaka ya 1960. Zile kapsuli mbili zilizobaki kwenye droo tangu msiba wa mwaka juzi, zitoe. Usimwazime jirani.

Nane: kuharisha kwa kawaida hakutaki antibayotiki, kunataka maji. Kama huna pakiti ya chumvichumvi, chukua lita moja ya maji safi, weka vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, koroga, mpe mgonjwa kidogo kidogo. Akiharisha kama maji ya mchele, au akishindwa kunywa, usikae kujadiliana. Mkimbize hospitali huku unaendelea kumnywesha.

Ndugu wauza dawa nanyi nisiwasahau. Zamani duka la dawa baridi halikuruhusiwa kabisa kuuza antibayotiki. Ulipokuja mpango wa Duka la Dawa Muhimu, ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, wauzaji walipewa mafunzo na kuruhusiwa baadhi yake, ili mwananchi wa pembezoni asife kwa kukosa. Ile ruhusa ilitolewa pamoja na wajibu wa kuuliza. Mteja akisema "za mia tano", muulize: za nani, ana umri gani, ana mimba, anaumwa nini, ameumwa tangu lini? Akinuna, mwache anune. Kununa kunapona bila dawa.

Na wewe msomaji wangu, safari ijayo ukiwa mbele ya kaunta na tumbo lako linaloguruma, anza na swali dogo: "Dokta, hivi hii inatakiwa kweli, au nichukue pakiti ya chumvichumvi nikapumzike?" Mara nyingi utarudi nyumbani na chenji.